Sanduku la Githongo Limejaa Asilimia Sabini

Kuna simu moja ambayo Zuleka binti Abdilatif hataisahau maisha yake yote. Ilimpata mwezi wa pili, yuko ofisini Meru mjini anakula chapati, na aliyepiga hakusema hata hujambo. Alikuwa msichana, analia kwa kwikwi, na neno lake lilikuwa moja tu: "Imekatika. Imekatika." Zuleka akauliza ni nini kimekatika, na wapi, na yeye ni nani, lakini msichana akakata simu.

Baadaye ndipo alipoelewa. Vijana ishirini na watatu walikuwa wameketi katika ukumbi wa kanisa pale Githongo, wakifanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi kwa kompyuta, na intaneti ikakatika katikati. Intaneti hiyo ilikuwa ya kampuni ya kina Zuleka. Mtihani ukafutwa wote. Na yeye, fundi wa mitambo, mwenye vyeti vitatu vimetundikwa ukutani, akapata habari saa nzima baada ya Githongo nzima kujua. Aibu iliyoje! Hata mama muuza ndizi wa sokoni alijua kabla yake.

Siku zile ofisi ilikuwa na njia moja tu ya kuchunguza mitambo yake. Kila dakika tano kompyuta iliuliza mtambo wa kila mlingoti wa intaneti, "Upo?" na mlingoti ukijibu, "Nipo," basi, watu wanaendelea na chai yao. Sasa mtambo wa Githongo ulikuwa na tabia mbaya. Ukizidiwa na kazi uliganda, haupitishi chochote, lakini ukiulizwa ulijibu "Nipo" bila haya. Zuleka alipanda huko na pikipiki ya ofisi, akauzima na kuuwasha, akabadilisha betri, akabadilisha na waya, kisha akaandika kwenye ripoti: shida ni umeme. Tangu hapo mtambo haukuganda tena. Mwezi wa tatu kimya, wa nne kimya, wa tano kimya. Bosi wake, Phyllis, akamsifu mbele ya watu, naye akazipokea sifa vizuri tu.

Mwezi wa sita ikaja barua. Mtihani ungerudiwa Alhamisi ya wiki ya tatu, ukumbi ule ule, vijana wale wale. Hakuna mara ya tatu. Ukikatika tena, nafasi zao zinapewa wengine.

"Zuleka, haitakatika?" Phyllis aliuliza.

"Haitakatika," Zuleka akajibu, na usingizi ukamwisha siku hiyo hiyo.

Kwa sababu moyoni alijua hakuwa na uhakika wowote kuhusu ule umeme. Alikuwa amekisia. Basi akakaa kwenye kompyuta ya ofisi siku mbili, akaifundisha kuuliza swali la pili. Badala ya "Upo?" peke yake, sasa iliuliza kila dakika, "Na kumbukumbu yako imejaa kiasi gani?" Kumbukumbu ya mtambo ni meza ya jikoni: ikijaa sahani chafu, hapana pa kukatia hata kitunguu. Zuleka akaweka mipaka miwili. Ikifika asilimia sabini na kukaa hapo dakika tano, kompyuta imtumie meseji ya onyo. Ikifika themanini na tano, imtumie ya hatari, maana kitabu cha mtambo kilisema ukifika tisini na tano unaganda. Zile dakika tano aliziweka makusudi, ili asipigiwe kelele kila mtambo unapokohoa.

Haya. Wiki moja ikapita, akafungua mchoro wa Githongo, na alichokiona kikamfanya aweke kikombe chini. Mstari ulipanda mchana kutwa na usiku kucha, taratibu, bila kushuka hata mara moja. Halafu saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, pu! ukaanguka chini kabisa, ukaanza kupanda upya. Kila siku. Saa ile ile. Isipokuwa Jumapili, ambapo ulianguka saa nne, tena baada ya kupanda zaidi ya siku nyingine.

"Huu ni umeme gani unaoenda kanisani?" Zuleka akajiuliza kwa sauti.

Jumanne ya wiki ile ya mtihani alikuwa Githongo kabla jua halijapenya ukungu. Mlingoti ulisimama juu ya shamba la kahawa la mzee mmoja aitwaye Kailemia, ambaye kampuni ilimwachia ufunguo wa uzio ili afyeke nyasi. Na nani alikuwa mle ndani ya uzio saa kumi na mbili na dakika kumi, koti la mvua begani, mkono kwenye swichi ya sanduku la mtambo? Mzee Kailemia mwenyewe. Amelizima, amesimama wima, midomo inachezacheza. Anahesabu.

Damu ikampanda Zuleka. Akasahau kwamba yeye ni mgeni, akasahau kwamba yule ni mzee wa kumzaa baba yake, akasahau kwamba mke wa mzee, Karwirwa, na wachumaji kahawa sita walikuwa wamesimama kwenye mlango wa uzio na vikapu vyao wakisikia kila neno.

"Mzee! Hapa pameandikwa USIGUSE! Kwa herufi kubwa! Wewe hujui kusoma?"

Karwirwa akashika mdomo.

Kailemia akamaliza kuhesabu kwanza. Thelathini. Akawasha swichi, akaona taa ya kijani, ndipo akageuka.

"Kusoma ninajua, mwari," akasema polepole. Mwari ni vile wazee wa Meru humwita msichana, na kwa kawaida ni neno la upendo. "Nimekuwa karani wa mizani pale fakitori ya kahawa miaka ishirini na mbili. Pale mashine ya kumenya kahawa tulikuwa tunaipumzisha kila asubuhi. Ukiikimbiza bila kuipumzisha, inakufia msimu ukiwa katikati. Hii yenu ilikufa mwezi wa pili na mjukuu wangu Kagwiria alikuwa ndani ya ule mtihani. Alilia siku tatu, hata uji wa ucuru hakunywa. Nikangoja nyinyi mkuje muipumzishe. Ukakuja mara moja, ukaweka betri, ukaenda. Basi nikaipumzisha mimi."

Angekuwa na akili siku ile, Zuleka angeketi chini palepale aombe msamaha, kwa sababu ukweli ulikuwa umesimama mbele yake na koti la mvua. Sifa za miezi minne alizopewa na Phyllis zilikuwa za mzee huyu. Betri haikufanya lolote. Lakini mtu akiona aibu mara nyingi hukasirika zaidi, na Zuleka alikasirika zaidi.

"Ndiyo maana hatukuona ugonjwa! Umeuficha! Na Alhamisi je, ukilizima watoto wakiwa ndani ya mtihani? Usiliguse tena. Nipe ufunguo."

Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akaufuta umande kwa kidole gumba, akamwekea mkononi.

"Sitaligusa," akasema. "Lakini nikuulize. Hiyo mashine ikichoka, itamwambia nani? Wewe uko Meru."

Akashuka kwenda kwenye kahawa yake. Uji wa ucuru ambao Karwirwa alikuwa ameshamimina kwa ajili ya mgeni ukabaki juu ya kigoda, hakuna aliyemwambia anywe, na hakuna aliyemzuia.

Njia nzima ya kurudi mjini swali lile lilimkaa kichwani. Itamwambia nani? Itaniambia mimi, alijijibu. Na mimi nikiwa mbali?

Alipofika akamweleza Phyllis yote, hata ile sehemu ya "hujui kusoma," na Phyllis akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. Dawa yenyewe sasa waliijua kutokana na mchoro: programu ya mtambo ilikuwa ya zamani, ilikuwa inaweka vitu kwenye kumbukumbu na haivitoi, ilihitaji kubadilishwa. Lakini Phyllis akakataa katakata. Wiki ya mtihani hakuna kubadilisha kitu. Vipi kama programu mpya italeta balaa jipya? Wala kuuwasha upya kwa amri kutoka mbali, kwa sababu mitambo ya aina ile ikiamriwa kutoka mbali wakati mwingine huzima na isirudi, mpaka mtu aende akate swichi kwa mkono. Zuleka akapiga hesabu. Kwa mwendo wa siku za kawaida, kumbukumbu ingefika sabini Ijumaa asubuhi. Mtihani ni Alhamisi. Wangevuka.

"Tunaiangalia tu," Phyllis akasema. "Na huyo mzee umwombe radhi."

Kuomba radhi ndiko kulikomshinda. Jumatano alishika simu mara nne, akaiweka mara nne. Mwishoni akafanya kitu cha mtu mwoga: akafungua orodha ya wanaopokea onyo la Githongo, na chini ya namba yake akaandika namba ya Kailemia, ile ya kabambe, simu yake ndogo ya vitufe. Na kwa sababu kabambe haijui michoro, akamtungia meseji yake peke yake, kwa Kiswahili. Alitumia karibu nusu saa kuitunga. Ikawa hivi: "Mzee Kailemia, samahani. Sanduku la Githongo limejaa asilimia," halafu kompyuta ingejaza namba yenyewe, halafu: "Likifika 95 litaganda. Linahitaji kupumzishwa, lakini si wakati wa mtihani." Kisha akaurudisha ufunguo Githongo kwa mkono wa bodaboda, bila barua. Akasema atamweleza mzee mambo yote yakishapita.

Alhamisi alfajiri, mlingoti mwingine ukaangushwa chini na upepo huko Manyatta, juu ya Embu mjini, na fundi wa Embu alikuwa mgonjwa. Phyllis alikuwa na mkutano Kianjai. Nani aende? Zuleka akatazama simu kabla ya kuondoka: Githongo hamsini na nane. Kama alivyopiga hesabu. Akaenda.

Saa tatu mtihani ukaanza. Saa tatu na dakika thelathini na tano Zuleka alikuwa kwenye shamba la mama mmoja aitwaye Njura, mikono imejaa grisi, simu ikalia ndani ya koti. Onyo. Githongo asilimia sabini.

"Haiwezekani," akasema.

Akafungua mchoro. Mstari haukuwa unapanda tena, ulikuwa unaruka. Na hapo akaona ujinga wake wote. Hesabu yake ilikuwa ya siku za kawaida, watu wakitazama video na kutumiana picha. Leo vijana ishirini na watatu walikuwa na kamera ishirini na tatu zilizowaka bila kuzimwa, za kuwachunga wasiibe mtihani. Kila kamera ilikuwa inaongeza sahani mezani. Kwa mwendo huu mtambo ungeganda saa tano kasoro robo, tano kasoro kumi hivi. Mtihani ungeisha saa sita na nusu.

Kwa ratiba iliyokuja na barua, mapumziko ya chai yalikuwa saa nne na nusu mpaka saa tano kasoro kumi. Dakika ishirini. Kama mtu angezima sanduku katika dakika hizo, ahesabu thelathini, aliwashe, hakuna mtoto angejua. Kabla ya hapo ni kuukata mtihani. Baada ya hapo ni kuuacha ukatike wenyewe.

Hesabu ilipokwisha ilikuwa saa nne kasoro kumi, akampigia Kailemia. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikaita. Akapiga mara saba. Ya Rabi, mzee amekasirika, hataki hata kuiona namba yangu, na ana haki. Akampigia Phyllis, naye alikuwa Kianjai. Hata angeondoka dakika ile asingewahi, na ufunguo ulikuwa kwa mzee. Akapiga namba ya ukumbi, hakuna aliyepokea. Saa nne, sabini na sita. Saa nne na dakika ishirini na tano, simu ikalia kwa ule mlio mwingine, wa hatari: themanini na tano.

"Kuna mtu amekufa?" Njura akauliza, maana alimwona amekaa kwenye udongo na nguo safi.

"Bado, mama," Zuleka akasema. "Niombee."

Njura hakuuliza ni la nini. Akaketi naye palepale kwenye udongo.

Saa nne na nusu, themanini na tisa. Vijana sasa wanatoka nje kunywa chai, wanacheka, hawajui. Zuleka akampigia mzee mara nne nyingine, ikaita, ikaita. Saa nne na dakika thelathini na nne meseji ikaingia: "Githongo haijibu."

Limeganda. Limekufa mapema kuliko hesabu, na mara hii hata "Nipo" halikusema. Ishirini na watatu. Alimsikia tena yule msichana wa mwezi wa pili akilia kwenye sikio lake. Dakika moja ikapita. Ya pili. Ya tatu Njura akamshika mkono uliojaa grisi bila kujali.

Halafu simu ikalia.

"Githongo imerudi. Kumbukumbu asilimia 31."

Zuleka akasoma. Akasoma tena, akaupeleka uso karibu na kioo kana kwamba namba ingebadilika. Thelathini na moja! Akapiga ukelele uliotimua kuku wote wa Njura, akasema alhamdulillahi mara ngapi sijui, akacheka, na machozi yakamtoka huku anacheka, mpaka Njura naye akaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Kuganda hakujimalizi kwenyewe. Mtu alikuwa amezima sanduku kwa mkono, akahesabu thelathini, akaliwasha, ndani kabisa ya saa ya chai. Na ufunguo wa uzio Githongo ulikuwa na mtu mmoja tu.

Saa mbili alizosubiri baada ya hapo zilikuwa tamu. Alisimamisha mlingoti wa Manyatta huku anaimba. Akanywa chai ya Njura vikombe vitatu. Kila baada ya muda alitazama: arobaini, arobaini na nane, hamsini na tano. Saa sita na nusu mstari ukalala, maana kamera zilikuwa zimezimwa. Saa saba kasoro dakika ishirini simu yake ikaita.

"Mwari," sauti ikasema. "Ni Kailemia. Ule mzee hajui kusoma."

Zuleka akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Nimesoma meseji yako," Kailemia akaendelea, na kicheko kilikuwa kimejificha mahali fulani kwenye koo lake. "Ilisema sabini. Ikasema si wakati wa mtihani. Sasa mimi nitajuaje wakati? Nikaenda ukumbini kuuliza saa ya chai. Pale mlangoni wakaninyang'anya simu, wakaifungia kwa ndoo pamoja na za wanafunzi, ati ni sheria mpaka mtihani uishe. Nikawaambia basi kaeni nayo. Nikarudi kwa sanduku, nikasimama na ufunguo mpaka nikawaona wakitoka na vikombe. Ndio nikalizima. Sasa hivi nimerudishiwa simu, napata umenipigia mara kumi na moja, na hii mashine yako imeniomba msamaha mara mbili."

"Mara mbili?"

"Ya sabini imesema samahani. Ya themanini na tano imesema samahani. Mashine iko na adabu kuliko mwenyewe."

"Mzee, nisamehe," Zuleka akasema, na sasa alikuwa analia kweli. "Nilikukosea mbele ya watu. Mbele ya mama. Wewe ndiwe uliyeuweka ule mtambo hai miezi minne, na mimi nikakutukana. Nilikuwa na aibu."

Upande ule jogoo aliwika, na kelele za vijana zikasikika.

"Hiyo nilijua," Kailemia akasema. "Ngoja kuna mtu anataka kukuongelesha."

Simu ikapokelewa na mkono mwingine. Msichana. Alikuwa anahema kama aliyekimbia, na Zuleka akaijua sauti ile kabla haijamaliza neno la kwanza, ingawa mara ya mwisho aliisikia ikiwa na kwikwi.

"Haikukatika," Kagwiria alisema. "Dada, haikukatika!"

Jumanne iliyofuata Zuleka alipanda Githongo na programu mpya. Akaiweka, akaangalia mstari mpaka ukalala sawa kama uzi, mchana kutwa, haupandi tena. Karwirwa alimpa ucuru, na mara hii akaunywa wote, akaramba na kibuyu, wachumaji wale wale sita wakimtazama. Mbele yao akarudia yale aliyosema kwenye simu, neno kwa neno, kwa sauti ile ile aliyotumia siku ya kumtukana mzee. Karwirwa akamwongezea uji.

"Sasa sanduku limepona, mzee," akasema alipokuwa anafunga vifaa. "Nikutoe kwenye orodha ya meseji?"

Kailemia akamwangalia kwa mshangao.

"Unitoe kwa nini? Na siku ukiwa Embu?"

Zuleka akacheka. Akachukua kalamu nene ya ofisini, akaenda kwenye bango la uzio, lile la herufi kubwa. Akafikiri kidogo, kisha chini ya neno USIGUSE akaandika kwa herufi kubwa vilevile: BILA KUMWULIZA MZEE KAILEMIA.

Mzee akasogea, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kila neno, polepole, wachumaji wote wakasikia.